Jino Lililopigwa Msasa

Sehemu ya Tisa

Panga la mzee Zabron lilikuwa bado hewani.

Ndivyo tulivyoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na barua za matusi mlizoniandikia zinatosha kuchemshia maharage. Haya, nimesikia. Tuendelee.

Tabita, fundi magari wa Tunduma, alikuwa ameinua mguu juu ya kamba nyekundu iliyozungushiwa duara, yaani shimo la dhahabu, pale Saza. Kamba hiyo mwanamke haivuki. Ni mwiko. Wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea duara, dhahabu inahama na mwamba unashuka. Na ndani ya duara hilo, tangu asubuhi, maji yalikuwa yamewafungia njia watu wawili. Mmoja Efraimu, mchimbaji. Wa pili Asajile, mdogo wake Tabita, wa tumbo moja, mtoto wa kijijini Ibaba aliyeacha viazi vya baba yake akafuata dhahabu bondeni.

"Rudisha mguu, binti," alisema mzee Zabron, msimamizi wa duara. "Nitakukata."

"Nikate, baba. Ila ukimaliza kunikata, panda wewe kwenye hiyo pikapu inayozungusha pampu uiwashe."

 Wanaume arobaini na zaidi walikuwa wamewazunguka.

Ndipo ikasikika kutoka chini. Ko. Ko. Ko. Wale wawili walikuwa wanagonga mwamba kwa nyundo, polepole, mikono imechoka.

Panga likashuka.

Likashukia kamba! Kamba ikakatika, ncha zake mbili zikaanguka kwenye tope.

"Mwiko unasema mwanamke asivuke kamba," Zabron alisema, akawageukia wachimbaji wake. "Mimi sioni kamba hapa. Nyie mnaiona?"

Hakuna aliyeiona. Tabita alikuwa ameshafika kwenye pikapu.

Sasa elewa duara lenyewe lilivyo. Linashuka wima mita sita, kisha linakunja goti na kuingia ndani ya kilima, na huko ndani njia inapanda kidogo. Mvua ilikuwa imepasua ukingo wa kijito, maji yakajaa pale kwenye goti. Efraimu na Asajile walikuwa upande wa pili wa goti, wakivuta hewa iliyobaki. Maji yakishushwa, wanatoka. Yakipanda, hewa inakwisha nao wanakwisha.

Na kitu cha kuyashusha kilikuwa kimoja tu: Hilux ya zamani ya petroli, iliyoinuliwa nyuma juu ya mawe. Tairi moja la nyuma lilivuliwa, na kwenye rimu ukafungwa mkanda mpana unaozungusha pampu. Gia ilikwama kwenye namba mbili zamani sana na haitoki, na klachi nayo haiachii. Kwa hiyo injini ikiwaka, pampu inafanya kazi. Injini ikizima, pampu inalala. Asubuhi ile ilivuta nusu saa, ikaanza kugonga, ikachemka, ikazima. Tangu hapo ilikuwa inagoma.

Tabita akazungusha ufunguo. Stata, ile mota ya kuwashia, ikazunguka kidogo, halafu injini ikapiga teke kurudi nyuma, gari zima likatikisika juu ya mawe.

"Nani aliyepanga taimingi hapa?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa fundi Hezron wa Mlowo, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliyelelewa kwenye matumbo ya Land Rover. "Niliipanga Jumapili, ilipoletwa kule kwetu, kwa sikio langu hili. Ilivuta vizuri sana."

"Kwenu Mlowo juu, kwenye baridi. Hapa bondeni jua linakaanga mayai. Na kwenye tangi mmetia nini?"

"Petroli."

Tabita akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akampa Hezron naye anuse. Hezron akanusa. Akaangalia pembeni.

"Imechanganywa na mafuta ya taa," alisema kwa sauti ndogo. "Tuliuziwa kwenye dumu, njiani."

"Basi cheche yako inakuja mapema mno, fundi. Kwenye baridi na petroli safi inavumilika. Hapa inaua."

Kwa wasiokuwa mafundi: taimingi ni saa ya cheche. Plagi inatakiwa iwashe mafuta pistoni ikikaribia kufika juu. Ikiwasha mapema kupita kiasi, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaipiga kichwani. Hapo ndipo unaposikia injini inagonga, na stata inapigwa teke. Ukiendelea kulazimisha, pistoni inatoboka, na hapo huna gari, una chuma chakavu.

"Spana kumi na tisa," Tabita alisema. "Mzee Zabron, wewe ndiye una mikono yenye nguvu. Shika hapa mbele kwenye puli, zungusha injini taratibu. Nikisema basi, ni basi."

"Mimi nipokee amri ya—"

"Baba, tafadhali."

Zabron akapokea spana.

Tabita akafungua kofia ya distributa, chombo kinachogawa cheche kwa kila silinda. Wachimbaji wakasogea, maana kwenye machimbo kila mtu ni fundi. Mmoja akapiga kelele: "Piga msasa pointi! Pointi zikichafuka cheche inakufa!"

"Hii haina pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana, kaka yangu. Hii ni ya umeme. Ona." Ndani, katikati, kulikuwa na kichuma kidogo chenye meno manne, na pembeni yake sumaku yenye koili. "Jino likipita mbele ya sumaku, koili inatuma habari, cheche inaruka. Hakuna kinachogusana na kingine. Cha kupiga msasa hakipo."

Fundi Hezron akakohoa. Kumbuka, msomaji, kwamba alikohoa. Tabita hakusikia.

"Zungusha. Zungusha. Polepole... Basi!"

Alama ya kwenye puli ilikuwa imesimama kwenye vipimo, digrii tano kabla ya juu. Tabita akaangalia rota, kile kidole kinachozunguka ndani, inaelekea wapi: waya wa silinda ya kwanza. Vizuri. Akalegeza bolti ya distributa, akaizungusha mwili wote kufuata mwendo wa rota, kidogo, kidogo tena, mpaka jino likakaa uso kwa uso na sumaku. Akakaza nusu. Akarudisha kofia. Akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu, unaobadilisha taimingi wenyewe, akauziba kwa msumari, usije ukamdanganya wakati anasikiliza.

"Bwana Yesu," alisema kimoyomoyo, akazungusha ufunguo.

Ikawaka!

Wanaume wakarusha kofia. Mkanda ukazunguka, pampu ikakoroma, bomba la chuma likatema tope upande wa pili. Zabron akachovya fimbo yake ndefu yenye alama za kupimia maji, akanyanyua kidole kimoja: yanashuka.

Lakini Tabita hakushangilia. Alikuwa ameinamisha kichwa. Injini ilikuwa inachechemea. Silinda tatu zinapiga, moja inaruka. Tatu, moja. Kwa silinda tatu pampu ile ni mzigo wa punda juu ya mbuzi.

Ikatetemeka, ikazima.

Kofia zilikuwa hata hazijaanguka chini.

"Mwe!" mtu mmoja alisema nyuma. "Si tulisema? Mwanamke kwenye duara!"

Maneno hayo yakaruka kutoka mdomo hadi mdomo. Wengine walianza kuokota ile kamba. Zabron akasimama mbele yao na panga lake, safari hii akiwa amemgeuzia Tabita mgongo, na mgongo ule ulikuwa wa kumlinda.

Tabita akafungua kofia ya distributa tena.  Plagi nzuri. Waya nzima. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Jino la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. La tatu, jeusi.

La nne lilikuwa linang'aa.

Lilikuwa jeupe kama jipya, na fupi kuliko wenzake.

"Nani amepiga msasa hapa?"

Aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza! Nani amekwangua hili jino? Mdogo wangu yuko chini huko!"

Fundi Hezron alivua kofia. Uso wake mweusi ulikuwa umepauka.

"Mama," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpa heshima ya jina lolote. "Asubuhi ilipoanza kukohoa, nilifungua. Sijawahi kufungua ya namna hii. Nilitafuta pointi, nikaona hicho kichuma, nikasema ndizo zenyewe. Nikasugua. Nilipoona hazifanani na ninazozijua, nikaacha, nikafunika. Niliona aibu kusema."

Nikueleze jambo, msomaji. Mafundi wetu wa zamani wote wameponya magari kwa kipande cha msasa. Umechoka, unasugua pointi, unafunga, unalipwa. Hezron alifanya alichofanya miaka thelathini. Ubaya ni kwamba gari lilikuwa limebadilika, na yeye hakuambiwa.

Tabita alimtazama. Angeweza kumpiga. Nadhani alitaka.

"Unavuta sigara?" akauliza.

"Ee?"

"Sigara, fundi! Nipe pakiti."

Hezron akatoa pakiti iliyokunjamana. Tabita akalegeza skrubu mbili zinazoshika sumaku. "Salum, aliyenifundisha kazi Tunduma, alikuwa anapima nafasi ya hapa kwa gamba la pakiti. Jino likiwa zima, inatosha. Hili fupi liko mbali, sumaku hailisikii." Akachana ile karatasi ya kung'aa ya ndani, akaikunja mara mbili, akaichomeka kati ya sumaku na jino moja refu, akasukuma sumaku mpaka ikabana. "Tukiisogeza karibu hivi, jino fupi litasikika."

"Na yale marefu?" Hezron akauliza. "Si yataparuza?"

"Yakiparuza, tumekwisha."

Hakumficha. Akakaza skrubu, akachomoa karatasi. Kati ya chuma na chuma ilibaki nafasi ambayo unywele ungepita kwa shida.

"Zungusha kwa mkono, mzee. Mzunguko mzima. Nikisikia kukwaruza, usiendelee."

Zabron akazungusha. Jino la kwanza likapita. La pili. La tatu likapita karibu kiasi kwamba Tabita alifumba macho. La nne likapita.

"Betri ikoje?" akauliza.

Hezron akagusa nyaya. "Imejaribiwa tangu asubuhi. Nyingine haipo hapa kambini. Ina pumzi moja, mama. Labda moja na nusu."

Tabita akapanga taimingi upya, maana sumaku ikihama na taimingi inahama. Akakaza nusu. Akaingia, akazungusha ufunguo.

Stata ikalia kwa uchovu, ikavuta, ikavuta...

Ikawaka. Silinda zote nne!

Tabita akaruka chini, akashika distributa kwa kiganja. Akaizungusha mbele unywele mmoja: injini ikapata nguvu, lakini chini ya mzigo ikaanza kulia, kokoto kwenye sufuria. Akarudisha. Kokoto zikanyamaza. Mbele nusu ya nusu. Hapo. Hapo hapo. Akakaza bolti huku chuma kikimuunguza vidole, na hakuvitoa.

Bomba likatema maji unene wa paja.

"Yanashuka!" Zabron akapaza sauti. "Alama mbili! Alama tatu!"

Robo saa haikupita, kichwa kikatokea kwenye goti la duara, chini ya dari ya mwamba. Kamba ikashushwa. Mtu akavutwa juu, mwekundu wa tope kutoka nywele hadi unyayo. Tabita akamfuta uso kwa khanga yake.

Alikuwa Efraimu.

"Asajile yuko wapi?"

 Efraimu alikunywa maji, akatapika, akashika mkono wa Tabita.

"Mzima. Yuko pale pale kwenye goti, upande wa ndani. Gogo la kuegemeza dari limeanguka likabana mguu wake. Wakati maji yako juu alikuwa ananing'inia kwenye ngazi ya mwamba, kichwa nje. Sasa yamefika kifuani. Yashushe mpaka magotini, tuingie na msumeno. Nusu saa. Nusu saa tu, dada."

Tabita akalala kifudifudi kwenye mdomo wa duara.

"Asa!"

"Dada Tabi?" Sauti ilipanda ikiwa na mwangwi. "Ndiyo wewe? Nani kakuruhusu kufika huku?"

"Nyamaza wewe! Mguu unauma?"

"Ulikuwa unauma. Sasa umekufa ganzi." Akatema tope. "Mama anajua?"

"Hajui. Utamwambia mwenyewe."

"Ndaga, dada," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwao.

Tabita alilia pale pale, waziwazi, mbele ya wanaume wote.

"Alama ya tano!" Zabron alihesabu. "Yamefika kiunoni! Msumeno uko tayari?"

Na hapo, msomaji wangu, kila kitu kikiwa kinakwenda sawa, ndipo alipotokea Mwanaisha.

Mwanaisha ndiye mama lishe wa kambi ile, mtu wa Kondoa, anayepika wali upande wa chini wa kilima. Alikuja akikimbia bila viatu, ushungi umemtoka kichwani, anapiga kelele kabla hajafika.

"Zimeni! Jamani zimeni! Wallahi mnaua mtu!"

"Mtu gani?" Zabron akauliza.

"Mume wangu! Seleman! Ameingia lile duara la zamani, huku chini. Alisema ukuta kati yake na hili ni mwembamba, atachimba awafikie akina Asajile kwa upande wa pili. Maji yenu yote yanashuka kwenye mtaro, yanamwagikia humo! Namwita, haitiki tena!"

Zabron akageuka kutazama bomba. Maji unene wa paja, tangu nusu saa, yakishuka kilimani. Hakuna aliyekuwa ameuliza yanakwenda wapi.

"Geuzeni bomba!"

"Haligeuki likiwa na maji!" Hezron akajibu. "Ni la chuma, limefungwa kwa bolti kwenye pampu, na mtaro wenyewe ni mwamba mtupu, hauchimbiki. Mpaka pampu isimame. Dakika tano, kumi."

"Toeni mkanda!"

"Ukizunguka hautolewi, mzee. Aliyejaribu mwezi uliopita aliacha vidole viwili."

Wote wakamgeukia Tabita.

Alielewa kabla hawajasema. Kusimamisha pampu ni kuzima injini. Betri ilikuwa imetoa pumzi yake ya mwisho, na kwa nusu saa ya kuwaka haikuwa imekusanya pumzi ya maana. Na kijito kilikuwa bado kinamimina. Zabron alikuwa ameshapima asubuhi: pampu ikilala, maji yanapanda alama moja kila dakika mbili. Kutoka kiunoni mpaka mdomoni mwa Asajile kulikuwa na alama nne.

"Usizime," Hezron akamnong'oneza, machozi yakimlenga. "Mama, nakuomba. Nimeshaliharibu mara moja. Likizima hili, haliwaki."

"Seleman aliingia mwenyewe," sauti nyingine ikasema kutoka nyuma. "Hakutumwa na mtu."

Mwanaisha hakubishana nao. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya Tabita, akamshika miguu.

"Aliingia kwa ajili ya mdogo wako," alisema.

Tabita alitaka awe kiziwi. Alitaka asiwe amefika kabisa, awe kwake Tunduma anafungua magurudumu ya watu. Alimchukia Mwanaisha kwa muda wa pumzi moja, na nakwambia ukweli huo kwa sababu wewe pia ungemchukia.

Halafu akaingiza mkono dirishani, akazima.

Kimya kilichoshuka juu ya Saza hakikuwa na hata ndege.

"Bomba!" Tabita akapiga kelele. "Bomba, haraka! Nyie wengine, kamba, duara la chini, mtoeni Seleman!"

Wakakimbia kama siafu. Hezron na Zabron wakaangukia bolti za bomba, spana mbili, bolti sita, kutu tupu. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu ikagoma, Hezron akaipiga kwa jiwe mpaka damu ikamtoka kidoleni. Fimbo ya kupimia ilikuwa imesimama peke yake ndani ya duara, na maji yalikuwa yanapanda yakimeza alama. Moja. Nusu ya pili.

"Limegeuka!" Zabron akaita. "Kaza! Kaza hizo tatu, zinatosha! Washa, mwanangu! Washa!"

Tabita akazungusha ufunguo.

Stata ikaguna mara moja, injini ikasogea nusu mzunguko, ikakwama. Akazungusha tena. Kilisikika kitu kidogo tu, tk, mahali fulani chini ya boneti.

Na katika kimya kile, kutoka chini, sauti ya Asajile ikapanda, ikiwa haina wasiwasi bado, sauti ya mdogo mtu anayemwamini dada yake.

"Dada Tabi? Mbona mmezima?"